Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya mipango: matumizi yangu mmeyaandika, maisha yangu je?

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima zote. Nilianza kwa utaratibu, kupitia serikali ya mtaa, na barua zangu zikaishia kwenye jalada la mtendaji. Sasa uvumilivu umeniishia.

Juma lililopita alifika nyumbani mdadisi wa utafiti wa kaya, binti mwenye adabu zake, kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi. Aliniamkia vizuri, akaanza: mafuta ya kula kiasi gani, sukari, mkaa, nauli, vocha. Akauliza bati na sakafu. Kwenye maji akaandika bei ya dumu ninayolipa kwa kijana wa mkokoteni. Nikamwambia, mwanangu, andika na hili: maji ya bomba yakitoka, yanatoka usiku wa manane, naamka kukinga, na usingizi ukishakatika haurudi. Akashusha kishikwambi. "Samahani mwalimu, hilo halina sehemu ya kujaza."

Chumbani alikuwa amelala mama yangu mzazi, aliyepata kiharusi. Namgeuza, namwogesha, namlisha uji kwa kijiko, nafua mashuka kwa maji yale yale ya kununua. Hilo nalo halikuwa na sehemu.

Mheshimiwa, mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la uchumi, kwa hiyo najua ninachokilalamikia. Nikimwajiri msichana wa kumwuguza mama, mshahara wake utaingia kwenye Pato la Taifa. Nikimwuguza mwenyewe, hesabu inaniona nimekaa bure. Bomba likikauka nikanunua maji ya mkokoteni kwa bei ya kuumiza, vitabu vyenu vinaonyesha matumizi yangu yamepanda! Simon Kuznets, mmoja wa waasisi wa hesabu hizi, aliliambia Bunge la Marekani tangu 1934 kwamba ustawi wa taifa hausomeki kwenye pato lake. Niliwafundisha hivyo watoto wa kidato cha sita. Serikali yangu inakwama wapi?

Naomba nikukumbushe. Ripoti ya Furaha Duniani ya 2018 ilituweka nafasi ya 153 kati ya nchi 156. Miaka miwili baadaye, Julai 2020, Benki ya Dunia ikatutangaza kuwa nchi ya uchumi wa kati, kundi la chini, tukashangilia. Ile ya kwanza wengi waliibeza: Watanzania gani hao wasio na furaha, mbona tunaimba na kucheka? Kucheka tunacheka, hata msibani. Lakini swali halikuhusu kicheko. Mtu aliambiwa afikirie ngazi, chini kabisa sifuri, juu kabisa kumi, kisha aseme maisha yake anayaona yamesimama wapi. Wastani wetu ulikuwa tatu na ushei. Wananchi walijibu kuhusu maisha yao, sisi tukawajibu kwa habari za ngoma.

Bhutan, nchi ndogo ya milimani huko Asia, wadadisi wake wanauliza mpaka saa za kulala. Uingereza tangu 2011 inawauliza raia wameridhika kiasi gani na maisha, na jana walikuwa na wasiwasi kiasi gani. Wala sisi si wageni wa kazi hii. Utafiti wetu wa Nguvukazi wa 2006, na ule wa 2014, uliuliza watu wanavyotumia saa zao za siku. Takwimu hizo zinafia wapi? Kila Juni nasikiliza hotuba ya bajeti mwanzo hadi mwisho, na sijawahi kuzisikia zikisomwa.

Nahisi sababu ni wakopeshaji. Wao wanauliza pato na deni, hawaulizi nani anakesha na ndoo. Labda pia ni hofu, kwamba mtu akiulizwa anaishije atajibu. Dira ya Maendeleo ya Taifa 2050 inatuahidi pato la dola 7,000 kwa kila mtu. Sipingi, pesa naitaka, dawa za mama hazitolewi bure. Ila dola hizo zinaweza kufika kwa wastani, mimi nikiwa bado bombani usiku.

Maji tumeahidiwa kila kampeni, na naendelea kuyadai. Lakini ombi langu kwako wewe, mwenye dhamana ya mipango, ni moja. Ongezeni maswali kwenye dodoso la kaya: mtu analala kiasi gani, anauguza nani, anatafuta maji kwa muda gani, na maisha yake anayaona ngazi ya ngapi. Kisha majibu yasomwe bungeni Dodoma siku ile ile mnaposoma ukuaji wa uchumi, kwenye hotuba ile ile, si kwenye kiambatisho. Hata kama yatakuwa ya aibu, Mheshimiwa, yasomeni. Tafadhali, yasomeni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, pembezoni mwa Dar es Salaam