Kidhibiti Joto Chako Hakijaharibika, Maji ya Njombe Hayafiki Nyuzi 98

Wiki iliyopita mteja wangu wa Njombe, niliyemuuzia kidhibiti joto cha mtambo wa kukeneka mafuta ya kunukia (kuchemsha majani na kuupoza mvuke wake), alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Naufupisha: "Fundi, umenipiga. Nimekiweka 98 kama nilivyoelekezwa. Maji yanachemka tangu saa tatu asubuhi, namba imeganda kwenye 93, hita haizimi, luku inakimbia. Nirudishie hela yangu."

Si wa kwanza. Mwezi wa tano alinipigia mwingine wa Mafinga anayekeneka mafuta ya mkaratusi, kabla yake mama mmoja wa Lushoto mwenye shamba la mchaichai. Maneno ni yale yale: kidhibiti feki, fundi tapeli. Neno tapeli linaniuma, kwa hiyo nalieleza jambo hili lote kwa mkupuo mmoja.

Nilipomuuliza wa Njombe nani alimwambia aweke 98, akasema ni rafiki yake wa Tanga mwenye mtambo kama wake. Tanga iko usawa wa bahari, maji yake yanachemka kwenye nyuzi 100. Ukipanda mlima hewa inapungua uzito, na maji yanachemka mapema, kama nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300 hivi. Hapa Arusha karakana yangu iko kama mita 1,400 na maji yanachemka kwenye 95. Njombe ni zaidi ya mita 1,900, yanachemka kwenye 93 na ushee. Kwa hiyo kidhibiti chake kilikuwa kinasema kweli tupu. Kiliambiwa kizime kikiona 98, na maji ya Njombe hayatafika 98 hata uyachemshe mpaka kesho. Siku itakayofika 98, ujue maji yameisha na hita inaungua ndani ya mtungi mkavu.

Hata huyo wa Tanga hayuko salama. Nilimpigia. Kwake hita inazimika maji yakigusa 98, yanapoa kidogo, inawaka tena. Mvuke unakuja kwa mafungu, unakatika, unarudi kwa kishindo na kubeba majimaji ya majani. Mafuta yake yanatoka na ukungu, na yeye alidhani ni mchaichai mbaya.

Kinachowachanganya watu ni hiki. Kidhibiti joto tumekizoea kwenye friji na kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Huko unakiambia 37 na nusu, kinashika 37 na nusu, kazi imeisha. Kukeneka ni kazi ya aina nyingine. Maji yakishaanza kuchemka, joto lake halipandi tena. Ukiongeza umeme unapata mvuke mwingi zaidi, hupati maji ya moto zaidi. Namba inasimama palepale, uwe umewasha kilowati moja au tatu. Sasa kifaa kinachojua kuwasha na kuzima kwa kutazama namba kitashika nini, wakati namba haitembei?

Mafuta yenyewe hayahitaji joto kali, na hapa ndipo wengi wananibishia. Eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ikiwa peke yake inachemka kwenye nyuzi 254. Sitrali ya mchaichai inachemka karibu na 229. Lakini zikiwa pamoja na mvuke wa maji zinapanda nazo chini ya nyuzi 100, kwa sababu msukumo wa mvuke wa maji na wa mafuta unajumlishwa. Ndiyo siri yote ya kazi hii. Kinachoamua uzuri wa mafuta ni mvuke unaopita taratibu na mfululizo, na kondensa, yaani sehemu ya kupozea mvuke, inayoumeza wote bila kutema hewa ya moto upande wa pili.

Kwa hiyo unachohitaji kudhibiti ni umeme unaoingia kwenye hita. Hiyo ni kazi ya regyuleta ya umeme, inayofanana na ya feni ya dari ila ya kubeba kilowati nne, yenye bati lake la alumini na feni ya kuipoza. Unawasha hita yote mpaka maji yachemke, kisha unapunguza mpaka matone yatoke mfululizo na bomba la kutolea liwe la uvuguvugu mkononi.

Sasa mtaniuliza kidhibiti joto ni cha nini. Kina kazi mbili, na zote nazithamini. Ya kwanza ni mlinzi. Sensa, yaani kile kipande cha kidhibiti kinachohisi joto, inakaa kwenye ukuta wa mtungi usawa wa hita, na unaiweka ikate ikivuka joto la kuchemkia la kwenu kwa nyuzi 10 hivi. Maji yakiisha, joto la ukuta linapanda ghafla, kontakta (swichi kubwa ya umeme inayoamriwa na kidhibiti) inakata, mtungi unapona. Ya pili ni kwenye maji ya kupozea. Ukitumia pipa la maji yanayozunguka, kidhibiti kinawasha pampu ya kuingiza maji ya baridi pipa likifika nyuzi 35. Huko joto linapanda na kushuka kweli, na hata kile cha bei ndogo kinafanya kazi bila tatizo.

Nikija kwenye njia ya mkato, ndiyo inayonijazia karakana. Mtu ananunua Kariakoo kile kidogo cheusi, STC-1000, kwa shilingi 35,000, kisha anapitisha hita ya kilowati tatu moja kwa moja ndani yake. Kifaa kile ni kizuri kwa kazi yake. Kimetengenezwa kwa friji na matangi ya samaki, kinasoma kuanzia -50 hadi 99, basi. Kwa hiyo kazi ya ulinzi niliyoieleza hapo juu hakiwezi kuifanya, maana unahitaji kikate kwenye 105 au 110 na chenyewe kimeshafika mwisho wa uwezo wake. Halafu rilei yake, ile swichi ndogo ya ndani, ni ya ampea 10. Hita ya kilowati tatu kwa volti 230 inavuta ampea 13. Hesabu hiyo haihitaji fundi.

Mzee mmoja wa Usa River nilimwambia aongeze kontakta ya shilingi 25,000. Akasema mafundi tunapenda kuongeza vitu. Rilei ikashikana midomo wiki ya tatu. Kwenye kioo imeandika imezima, hita inaendelea. Alikuwa ameenda kanisani. Aliporudi, kilo 40 za mchaichai zilikuwa zimeungua ndani, kitako cha mtungi wa stenlesi kimebadilika rangi na kuvimba, hita imepasuka. Hita mpya, kukata kitako na kukichomelea upya, kidhibiti kipya, jumla ilivuka 240,000. Na harufu ya moshi haikutoka kwenye mtungi mpaka tulipokeneka maji matupu mara tatu. Kontakta ile ya 25,000 sasa anayo, niliifunga bure kwa sababu nilimhurumia.

Wengine wamesikia habari za PID, kidhibiti kinachopunguza na kuongeza nguvu kidogo kidogo badala ya kuwasha na kuzima tu, wanaagiza REX-C100 na ile rilei ya elektroniki yenye maandishi SSR. Kifaa kinachosoma mpaka nyuzi 400 hakina shida ya upeo, lakini kuna mambo mawili. Kwanza, nyingi zinazokuja sokoni ni nakala, na kuna zinazouzwa pamoja na SSR huku ndani yake zikiwa na rilei ya kawaida ya kulia "tik", isiyotoa volti za kuiamsha SSR. Unafunga vizuri kabisa, hita haiwaki, unalaumu hita. Mimi kila moja naipima kwa mita kwenye miguu ya kutolea kabla haijatoka mezani. Pili, SSR inazaa joto lake yenyewe, wati moja au zaidi kwa kila ampea. Kwa ampea 13 ni kama chuma kidogo cha kulehemu kinachowaka muda wote ndani ya boksi. Nimeletewa zilizofungwa kwenye ubao wa mninga bila bati la alumini. Na SSR ikifa, mara nyingi inafia ikiwa imefunga, yaani umeme unapita tu. Ndiyo maana sifungi SSR bila kontakta mbele yake, hata mteja aseme nini.

Sensa nayo ina mambo yake. Dada mmoja wa Unguja anayekeneka makonyo, yaani vijiti vya karafuu, alitumbukiza sensa yenye waya wa plastiki ndani ya njia ya mvuke. Mafuta ya karafuu yanakula plastiki. Alichopata kilinuka waya, na mnunuzi wake alikikataa kwa kunusa kifuniko tu. Mtungi mzima wa makonyo ukapotea kwa ajili ya sensa ya elfu nne. Mimi nachomelea kijimfuko chembamba cha stenlesi kwenye ukuta wa mtungi, usawa wa hita, sensa inaingia mle ndani na haigusani na mvuke. Kazi hiyo inanichukua nusu siku. Mfuko ukiwa mnene sana sensa inachelewa kusoma, ukiwa mwembamba sana unatoboka wakati wa kuchomelea.

Hapo ndipo bei inapoingia. Seti yangu kamili ni 285,000 na najua kuna anayeuza "seti" kwa 90,000. Ndani ya yangu kuna regyuleta, kidhibiti, kontakta, breka, waya wa milimita 2.5 (wa 1.5 kwa hita ya kilowati tatu siufungi), waya wa ethi uliofungwa kwenye mwili wa mtungi, sensa kwenye mfuko wa stenlesi, na boksi la chuma lenye matundu ya hewa. Kabla haujakabidhiwa nauchemsha mtambo wako saa mbili nzima hapa karakana, kisha nauacha ukauke kwa makusudi, maji kidogo yakiwa yamebaki chini ya hita, nione kama mlinzi anakata. Umeme wa kujaribu nalipa mimi. Mwenye 90,000 hajaribu, na ethi hajafunga. Mtungi wa chuma, maji, mvuke, na mtu aliyevaa kandambili kwenye sakafu yenye majimaji. Nikilala usiku nataka nilale.

Kuna wanaosema mafuta yenyewe hayatoshi kulipa gharama hiyo. Tuhesabu. Kilo 10 za mchaichai mbichi zinatoa mililita 20 mpaka 50, kutegemea ukavu wa msimu na siku ulizouacha unyauke. Hita ya kilowati tatu ikiwaka yote kwa saa nne ni uniti 12. Ukipunguza kwa regyuleta baada ya kuchemka, kwenye mtungi wangu wa lita 60 nimekuwa nikimaliza kwa uniti saba au nane, na mafuta hayajapungua. Tofauti hiyo ni zaidi ya shilingi 1,400 kila mkupuo. Anayekeneka mara tatu kwa wiki aone mwenyewe regyuleta inajilipa lini.

Niseme pia kuhusu wanaonipigia usiku wakitaka niwafungie kidhibiti cha kushika 78. Najua ni kwa ajili ya gongo. Sifungi. Tangu sheria ya mwaka 1966 kukeneka pombe bila leseni ni kosa Tanzania, na karakana yangu ina wanafunzi wawili wanaonitegemea. Lakini hata bila sheria, imani yenyewe ni ya hatari. Spiriti tupu ndiyo inayochemka kwenye 78. Ikiwa imechanganyika na maji kwa sehemu kumi kati ya mia, inaanza kuchemka kwenye 92 hivi na joto linazidi kupanda kadiri spiriti inavyoondoka. Na methanoli, ile inayopofusha na kuua, haijitengi yenyewe kwa sababu kioo kimeandika namba fulani. Inatoka imechanganyika. Hakuna kidhibiti cha elfu 35 kinachoweza kukuambia chupa ni salama, na mvuke wa spiriti karibu na rilei inayotoa cheche ni moto unaosubiri.

Tukirudi kwa wa Njombe. Aliponunua alichukua kidhibiti na kontakta tu, regyuleta akasema ataongeza mavuno yakija. Nilimweleza kwa simu kwamba kidhibiti ni cha kulinda, lakini sikumwandikia kwenye boksi, na hilo nimelikubali mbele yake. Tangu sasa kila boksi linalotoka hapa lina karatasi iliyobandikwa ndani ya mfuniko yenye namba mbili: joto la kuchemkia la mahali pako na joto la kukatia.

Namba hiyo naipata kwako wewe, kwa hiyo kabla hujaagiza fanya hivi. Chemsha sufuria ya maji nyumbani, tumbukiza sensa au kipimajoto bila kugusa kitako, subiri mpaka namba isimame kabisa, piga picha unitumie pamoja na jina la mahali. Niambie pia hita yako ni ya wati ngapi, mtungi ni wa lita ngapi, na unakeneka nini, maana mafuta ya mchaichai na mkaratusi yanaelea juu ya maji na ya karafuu yanazama, na chombo cha kutenganishia kinabadilika.

Wa Njombe nimempa regyuleta kwa nusu bei. Kifurushi nilikipeleka stendi jana jioni, na karatasi yake ndani imeandikwa: kuchemka 93, kukata 104.