Waliopinga vita vya Vietnam hawakuwa waoga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Dar es Salaam. Ameandika kwamba Marekani haikushindwa na Wavietnam, bali ilishindwa na vijana wake waoga waliochoma kadi za jeshi na kuimba barabarani. Akaongeza kwamba hata Muhammad Ali alikimbilia Kanada.

Nianze na Ali, maana hilo ni jepesi. Waliokimbilia Kanada walikuwepo, tena maelfu, ila yeye hakuwamo. Tarehe 28 Aprili 1967 alikwenda kwa miguu yake kwenye kituo cha jeshi huko Houston, akaitwa jina, akakataa kupiga hatua mbele, hatua iliyokuwa alama ya kukubali kuingia jeshini. Wakamvua ubingwa, wakamhukumu miaka mitano. Alibaki nje kwa rufaa, lakini zaidi ya miaka mitatu hakuruhusiwa kupanda ulingoni. Hatia ile Mahakama ya Juu ilikuja kuifuta Juni 1971. Mwoga gani anajipeleka mwenyewe kwa anayetaka kumfunga?

Mimi ni fundi redio mstaafu hapa Ujiji. Miaka ile nilikuwa kijana, najifunza kazi kwa mjomba wangu, na redio ikishapona lazima ijaribiwe kwenye masafa mafupi. Kwa hiyo vita vile nilivisikia kwa Kiswahili kutoka London, kutoka Sauti ya Amerika na kutoka Peking, yaani Beijing ya China, kila kituo na vita vyake. Wateja wakiwa wengi mjomba alipenda kuweka Peking. Si kwamba alikuwa mkomunisti. Peking ilikuwa inaingia bila mikwaruzo.

Kilichowasha moto Marekani ni lazima ya kuingia jeshini. Kijana aliyekuwa chuo kikuu aliahirishiwa, na vyuoni walijaa watoto wa wenye nacho. Mtoto wa mkulima, wa kibarua wa kiwandani, wa mtu mweusi wa mitaa ya dhiki, huyo alikwenda. Manung'uniko yalipozidi, serikali ikaleta bahati nasibu. Usiku wa 1 Desemba 1969, mbele ya kamera za televisheni, vifuko 366 vya plastiki vilimiminwa kwenye mtungi wa kioo, kila kimoja na tarehe yake ya mwaka. Wakawa wanachomoa kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa na 14 Septemba, kwa hiyo kila mwanamume aliyezaliwa siku hiyo, kati ya mwaka 1944 na 1950, akawa namba moja kwenye foleni ya kuitwa jeshini. Kwa kundi lile waliitwa hadi namba 195.

Mimi nimezaliwa 1950. Mwaka aliukumbuka mama, siku hakuna aliyeiandika, na kitambulisho changu kinasema 1 Januari kama vya wazee wengi wa hapa. Nimeitafuta kwenye orodha ile: 1 Januari ilipata namba 305. Ningekuwa Mmarekani ningebaki nyumbani, tena kwa tarehe niliyopewa na karani.

Ukiwapeleka watu vitani namna hiyo, hakuna nyumba isiyouliza mtoto wetu anakwenda kufanya nini huko. Na majibu yalikuwa mabaya. Machi 1968 askari wa Marekani waliua mamia ya wanakijiji pale My Lai, Vietnam, wakiwemo wanawake na watoto wachanga, na wananchi wao hawakuja kujua mpaka Novemba 1969. Juni 1971 magazeti yakachapa nyaraka za siri za Wizara ya Ulinzi kuhusu vita hivyo, zilizotolewa na Daniel Ellsberg, aliyewahi kufanya kazi wizarani humo. Humo zilionekana serikali kadhaa, moja baada ya nyingine, zikiwaambia watu mambo ambayo zenyewe hazikuyaamini.

Mwenzangu wa Dar anasema waandamanaji hawakuijua vita. Je, anazo habari za Aprili 1971? Walioandamana Washington siku zile walikuwa askari waliotoka Vietnam, wengine kwenye viti vya magurudumu, na mamia yao wakazitupa medali zao kwenye uzio mbele ya jengo la Bunge. Na wanafunzi wanne waliouawa kwa risasi za askari wa akiba pale chuo kikuu cha Kent State, Ohio, tarehe 4 Mei 1970, hao nao walikufa kwa uoga?

Asidhani mimi ni mpenda maandamano. Wanafunzi wetu wa chuo kikuu walipoandamana Oktoba 1966 kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na bango la kusema afadhali ukoloni, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao na akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mimi nilishangilia, na hadi leo nashangilia. Wale waliombwa jembe na sehemu ya mshahara. Hawakuombwa kwenda kuua watu ng'ambo ya bahari.

Wala sisemi maandamano ndiyo yaliyomaliza vita. Wavietnam walipigana, na Rais Nixon, aliyekuwa akiendeleza vita, mwaka 1972 alishinda majimbo 49 kati ya 50. Mwaka 1973 lazima ya kuingia jeshini ikasimamishwa, na barabara zilikuwa zimekwisha kupoa.

Hapo ndipo sisi wa Kigoma tuna neno. Machi 1965, wakati vikosi vya kwanza vya mapigano vya Marekani vinatua Da Nang, vita vingine vya kupinga ukomunisti vilikuwa vikiendelea Kongo, ng'ambo ya ziwa letu, kilomita 50 hivi kutoka hapa. Mwezi uliofuata Che Guevara, mwanamapinduzi aliyepigana pamoja na Castro wa Kuba, alivuka usiku kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia waasi, akafika Kibamba ya upande wa Kongo alfajiri ya tarehe 24. Jina alilopewa ni Tatu. Moja na Mbili walikuwa Wakuba wenzake. Baadaye aliandika kwa uchungu kwamba viongozi wa waasi walinogewa na pombe za Kigoma kuliko mapigano, na hilo hatumkatalii. Upande wa pili walikuwepo mamluki wa Mike Hoare kutoka Afrika Kusini na Rhodesia, pamoja na ndege na boti za kasi zilizogharamiwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na kuendeshwa na Wakuba waliomkimbia Castro. Yaani Wakuba waliwindana na Wakuba kwenye maji ya migebuka na dagaa wetu. Novemba Tatu akarudi Kigoma ameshindwa.

Nani alijaza barabara za Washington kwa ajili ya Wakongo? Malcolm X, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, alipiga kelele kuhusu marubani wa ndege zile kabla hajauawa Februari 1965, na wachache pamoja naye. Basi. Adui aliyetajwa alikuwa yuleyule na kodi iliyolipa ilikuwa ileile, lakini hakuna mtoto wa Ohio aliyeitwa kwa namba kuja Ziwa Tanganyika, kwa hiyo hakuna mzazi wa Ohio aliyeuliza.

Sasa naomba mwenzangu wa Dar anijibu kwenye safu hii hii. Aliyekataa mchana kweupe pale Houston, akijua kuna jela, amemwita mwoga. Rubani wa kukodiwa aliyedondosha mabomu ng'ambo ya pili, ambaye hata waliomlipa kwa kodi zao hawakuambiwa kwamba ni wao wanaomlipa, huyo atamwitaje?

Fundi redio mstaafu,
Ujiji, Kigoma.