Simu ya mkononi haikuanza 1973

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu makala yenu ya historia ya simu za mkononi. Mwandishi ameanza na Martin Cooper wa Motorola, Aprili 3, 1973, kasimama barabarani New York na lisimu la zaidi ya kilo moja, akimpigia mpinzani wake Joel Engel wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Bell, kumringishia kwamba Motorola imewahi. Kisa kitamu, tena cha kweli. Ila kuanzia hapo ni kumsifu mpakuaji na kumsahau mpishi.

Simu za kwenye magari zilianza kazi St. Louis, Marekani, Juni 17, 1946. Mtambo wa kilo 36 hivi ulifungwa kwenye buti. Dereva ananyanyua mkono wa simu, anasikiliza kama njia iko wazi, kisha anamwomba opereta amuunganishe. Akitaka kusema anabonyeza kitufe, akitaka kusikia anaachia, mambo tunayoyajua vizuri sisi tuliofanya kazi na redio za upepo. Siri hakuna: aliye kwenye njia ileile anasikia yote. Na mji mzima, wanaoongea kwa wakati mmoja hawazidi watatu, maana masafa ya redio yalikuwa machache na mnara mmoja wenye nguvu uliyatumia mji mzima.

Waliofungua fundo hilo hamkuwataja kabisa. Desemba 1947, Douglas Ring na Rae Young wa Bell Labs walipendekeza mji ugawanywe vijieneo, kila kimoja na mnara wake mdogo, ili masafa yaleyale yatumike tena mbali kidogo bila kuingiliana. Simu zetu bado zinafuata mpango huohuo. Tatizo, gari likitoka mnara huu kwenda ule, nani ahamishe simu isikatike? Kompyuta za kazi hiyo hazikuwepo, na serikali nayo ikajivuta kutoa masafa. Mwaka 1976 Bell bado ilikuwa na njia 12 tu New York, huku watu zaidi ya 3,000 wakiwa kwenye foleni. Tokyo ikapata mtandao wa vijieneo hivyo 1979, Chicago Oktoba 1983.

Mkiendeleza makala hiyo, msiruke pia Kinshasa. Miko Rwayitare, mzaliwa wa Rwanda, alianzisha kampuni ya simu za mkononi ya Telecel huko miaka ya 1980, wakati nchi nyingi za Ulaya zenyewe ndiyo kwanza zinaanza.

Fundi mstaafu wa redio za upepo,
Morogoro