Barua kwa mwanangu: zile picha zako za barafu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, na natumaini barua hii itakukuta na vidole vyote kumi, maana picha kumi na moja za barafu kwa asubuhi moja si mchezo. Nimezitazama zote mara mbili. Mara ya kwanza nilizitazama kama mama, na zote zilikuwa nzuri. Mara ya pili nilizitazama kama mtu aliyepiga magoti juu ya barafu miaka mingi mpaka magoti yenyewe yakasusa. Huyo wa pili ndiye anayekuandikia.

Ya saba ndiyo picha. Ile ya nyufa mbili zinazokutana juu ya barafu nyeusi, yaani ile angavu inayoonyesha giza la maji chini yake. Zile nyingine ulikuwa unapiga ziwa: mara ukingo, mara jani, mara ncha ya kiatu chako. Na ile uliyoweka sarafu ili nijue viputo vina ukubwa gani, rudi uipige bila sarafu. Mtu akiona sarafu anapima, na akishapima anaondoka. Mnyime kipimo uone: hatajua kama anatazama kipande cha dimbwi kisichozidi kiganja au mto uliogawanyika matawi, umeonwa kutoka kwenye ndege. Atabaki hapo akihangaika nayo, na hicho ndicho ulichokitaka.

Lakini wewe mwenyewe lazima ujue unachopiga. Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wengi, wanaoitazama barafu kama kitambaa chenye maua. Kila alama pale ina sababu yake. Chukua viputo. Maji yakiganda, hewa iliyoyeyuka ndani yake haina nafasi kwenye fuwele za barafu, hivyo husukumwa mbele ya barafu inayokua. Yakiganda polepole, hewa hupata muda wa kutawanyika na barafu hutoka angavu kama kioo. Yakiganda haraka, hewa hunaswa na barafu huwa nyeupe pe. Katikati ya hali hizo mbili kuna mwendo ambao kiputo hurefuka sawasawa na barafu inavyoshuka, kikawa kama sindano iliyosimama. Ukiipiga sindano hiyo kutoka juu utapata nukta, basi. Tafuta bamba lililovunjika, ulale chini, uipige ubavuni.

Vile viputo vikubwa vilivyobebana kama sahani, ambavyo umeviona kwenye picha za ziwa Baikal kule Siberia na za Abraham Lake, Alberta, Kanada, ni methani. Mimea huoza sakafuni mwa ziwa, gesi hupanda, hugonga barafu na kunaswa. Barafu ikiongezeka unene, sahani nyingine hunaswa chini ya ile ya kwanza. Vizuri sana, na kila mtu ameshavipiga.

Mimi nakwambia anza na dimbwi. Nimeona umelipita moja kwenye picha ya pili, nikauma midomo. Dimbwi huganda juu kwanza. Halafu maji ya chini hunywewa na ardhi kidogo kidogo, yakishuka na kurudi ndani, na kila yanapotua kwa muda huacha mstari wake kwenye barafu. Ndiyo maana utaona miduara ndani ya miduara, imepinda kufuata umbo la shimo, kama mistari ya ramani ya milima. Sehemu nyeupe ina hewa chini yake. Ndiyo ile inayolia kachakacha ukiikanyaga. Sehemu ya kijivu bado imegusana na maji au tope. Jua likiwa chini, asubuhi mapema, kila mstari huwa na upande mmoja unaong'aa na mwingine wenye kivuli, na mchoro wote huinuka. Saa mbili baadaye hakuna kitu.

Umeuliza kwa nini barafu yako imetoka ya kijivu. Kamera hupima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Kwa barafu nyeupe, ongeza mwangaza hatua moja, hata moja na nusu. Kwa barafu nyeusi fanya kinyume, punguza, la sivyo weusi wake utapauka. Mgongo wa kamera uwe sambamba na barafu, tundu la lenzi kwenye f/8 au f/11, ili pembe zote nne ziwe kali.

Kichujio cha polaraiza ulichonunua hufuta mng'ao vizuri unapotazama barafu kwa mshazari, kama nyuzi 37 kutoka usawa wake. Ukipiga wima kutoka juu hakikusaidii. Hapo fungua mwavuli mweusi juu ya kichwa chako na kamera, anga lisijitazame kwenye barafu. Watu watakucheka. Waache.

Sakitu ya dirishani, ule mvuke ulioganda kwenye kioo, ni habari nyingine. Siku moja nilikuta unyoya mzima umejichora kwenye kioo, una matawi na vitawi. Nikasogeza lenzi karibu, nikashusha pumzi kwa furaha, na nusu ya unyoya ikawa tone la maji. Tangu hapo mimi hupumulia pembeni, ndani ya skafu. Na ukirudi ndani, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya mlango, uiache ipate joto humohumo. Umande utaishia nje ya mfuko. Betri ya akiba ikae mfukoni karibu na mwili.

Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, Vermont, aliyepiga picha yake ya kwanza ya fuwele ya theluji mwaka 1885, alikuwa akikwangua negativu, lile bamba ambalo picha huchapishwa kutoka kwake, kuizunguka fuwele ili ibaki peke yake kwenye weusi. Wapo wanaosema huko ni kuchezea ukweli. Kwa picha ya kisayansi labda. Kwa hii yetu, na wewe kwangua: ukingo, jani, kiatu.

Sasa neno la mama. Usiende peke yako. Barafu angavu isiyofika sentimita 10 usiikanyage, na ile nyeupe iliyochanganyika na theluji ihesabu ina nusu ya nguvu. Penye maji yanayotembea chini yake usipaamini kabisa. Picha nyingi nzuri ziko ukingoni hata hivyo.

Ile ya saba, kata upande wa kulia kiasi cha upana wa kidole, pana unyasi umeingia. Halafu nitumie kubwa niichapishe, wala usiandike chini yake ni nini. Baba yako ameitazama muda mrefu, amesema ni radi ya usiku. Sijamsahihisha.

Mama yako