Barua ya wazi kwa wakufunzi wapya wa kufufua wagonjwa

Wanangu wauguzi, matabibu na madaktari,

Hongereni kwa kuteuliwa kufundisha namna ya kumfufua mgonjwa ambaye moyo wake umesimama. Mlikuja darasani kama wanafunzi, wakubwa wenu wakaona mnaweza kufundisha. Si jambo dogo. Ila nimeudhika, na leo nitasema.

Juzi nilikaa nyuma ya darasa nikimtazama mkufunzi mpya. Muuguzi wa wodi ya wazazi, mama mtu mzima, aliitwa aongoze timu. Mdoli wa mazoezi yuko sakafuni, skrini ya mapigo ya moyo inaonyesha mstari umenyooka. Mama akasema, "Mpigeni shoti ya umeme." Mkufunzi akacheka, akaligeukia darasa: "Mmemsikia? Huyu ndiye anayewahudumia dada zenu!" Darasa zima likaangua kicheko.

Kosa lilikuwepo. Moyo wenye mstari ulionyooka haupigwi shoti. Kifua kinabonyezwa, adrenalini inatolewa miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5, na chanzo kinatafutwa. Lakini angemuuliza tu, "Sista, unaona nini hapo?" angejieleza, tukajua amekwama wapi.

Alasiri likaja zoezi la mjamzito, lile la kusukuma tumbo upande wa kushoto ili mshipa mkubwa wa damu usibanwe. Chumba kile hakikuwa na mtu anayeyajua matumbo ya wajawazito kuliko yeye. Hakufungua mdomo.

Mnaona hasara hiyo? Hospitali zetu tayari zimejaa watu walionyamazishwa. Mkubwa anaagiza dozi isiyo sahihi, muuguzi anaiona, anainamisha kichwa, maana tumelelewa kuita woga heshima. Mafunzo haya yalikuja kuuvunja ukimya huo. Ndiyo maana kiongozi anamtaja mtu kwa jina, "Asha, adrenalini miligramu 1," Asha anairudia amri, na dawa ikishaingia anasema imeingia. Ndiyo maana mdogo kabisa kwenye timu anaruhusiwa kusema, "Daktari, mikono imesimama, tuendelee kubonyeza." Ukimwaibisha mtu mbele ya wenzake, saa nane usiku atakapokuwa peke yake na daktari mkali, atafanya ulichomfundisha: atanyamaza.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Msisome slaidi. Mwendo wa kubonyeza ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina sentimita 5 hadi 6, kifua kiachwe kirudi juu kabisa kila baada ya kubonyezwa, mbonyezaji abadilishwe kila dakika 2. Hayo yakagueni kwa macho, msitosheke na "nimeelewa". Onyesha kwanza bila maneno, kisha kwa maelezo, kisha mwanafunzi akuelekeze wewe, mwisho afanye mwenyewe. Asiyeweza asipitishwe kwa huruma, arudie, faraghani.

Na wakubwa wetu mnisikie pia. Semina zenye posho wanakwenda wale wale wa ofisini, wasiogusa mgonjwa, wakati muuguzi wa zamu ya usiku hata barua ya mwaliko haioni. Vyeti vinapangwa ukutani, mdoli anafungiwa stoo mpaka wageni waje. Mikono husahau ndani ya miezi michache, mapema kuliko cheti kinavyoisha muda.

Kwa hiyo wanangu, Jumatatu mwombeni mganga mfawidhi ufunguo wa stoo. Mpelekeni mdoli wodini, na wakati wa kukabidhiana zamu kila mhudumu abonyeze dakika 2, nanyi mkiwa mmepiga magoti pamoja na wahudumu hao.