Barua kwa mwanangu kuhusu kompyuta mpakato utakayoinunua

Mwanangu mpendwa,

Juzi usiku nilipopita karibu na meza yako nilikukuta ukiandika ripoti ya jaribio la kemia kwenye kishikwambi chako, nikasimama nyuma yako kwa muda bila wewe kujua. Kibodi ya kwenye kioo ilikuwa imefunika nusu ya ukurasa, hivyo kila ulipotaka kulitazama jedwali la vipimo ulilazimika kuifunga, ukasogeza ukurasa kwa kidole, ukakariri tarakimu mbili tatu, kisha ukaifungua tena ili uandike. Ulirudia hivyo mara nyingi, kwa subira iliyonigusa moyo. Hapo nilielewa kwamba ombi lako la kompyuta mpakato lilitokana na kazi, na nikaona nikuandikie ninayoyajua kabla hatujatoa fedha.

Kishikwambi kile hakijaharibika, na kwa kusoma vitabu kitaendelea kukufaa. Tatizo lake ni kwamba hakipokei tena masasisho ya usalama, na programu mpya, moja baada ya nyingine, zinakataa kufanya kazi kwenye mfumo wake wa zamani. Kwa hiyo barua pepe na mambo yote yenye nywila zako yahamie kwenye mashine mpya.

Matangazo uliyonionyesha yanasifia wembamba, rangi na kasi ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Mimi naomba uanze kwingine: anza na yale ambayo yakikosewa siku ya kununua hayarekebishiki baadaye. Nilijifunza hili kwa uchungu. Kompyuta ninayotumia sasa niliinunua ikiwa na RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayobeba kazi zilizofunguliwa, ya GB 4, na muuzaji akanihakikishia kuwa nitaongeza nyingine wakati wowote nikipenda. Mwaka wa pili ilipoanza kukwama nikaipeleka kwa fundi, naye akafungua kifuniko cha chini na kunionyesha kwa ncha ya bisibisi vipande vyeusi vidogo vilivyolehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mama, ule ubao mkuu wa kompyuta. Hapakuwa na nafasi ya kuchomeka kadi nyingine. Tangu siku hiyo nikifungua kurasa nyingi za intaneti pamoja na waraka mmoja mrefu, hungoja kama ninavyokuona wewe ukingoja.

Kwa hiyo uliza mapema, tena kwa kutaja modeli kamili, kama RAM yake inaongezeka au imelehemiwa. Windows 11 inakubali kusimikwa kwenye mashine yenye GB 4, lakini kukubali kusimikwa si sawa na kufanya kazi vizuri. Usishuke chini ya GB 8. Na kwa kuwa unataka kujifunza kuandika programu na kukaa na mashine hii kwa miaka, kama RAM imelehemiwa nakushauri uchukue ya GB 16 hata ikibidi kuacha mapambo mengine. Hifadhi iwe SSD, yaani ya chipu zisizo na kitu kinachozunguka, isiwe diski ya kuzunguka, na ukubwa wa GB 256 unatosha kuanzia. Jihadhari na mashine za bei ya chini zenye hifadhi ya GB 64, kwa maana mfumo wenyewe na masasisho yake hujaza sehemu kubwa kabla hujaweka faili lako la kwanza.

Kibodi nayo haibadilishwi kirahisi, nawe utaigusa kila siku. Usiridhike kuibonyeza vidole viwili. Kaa, iweke mezani, uandike aya nzima. Sikiliza kama vitufe vinayumba na angalia kama bamba la katikati linabonyea chini ya vidole. Fungua na kufunga kifuniko mara kadhaa uone kama bawaba ni imara, kwa sababu bawaba ikilegea huweza kupasua ganda na kukata waya za skrini. Kuhusu skrini, tafuta yenye pikseli 1920 kwa 1080, kisha iinamishe mbele na nyuma: kama rangi zinageuka au maandishi yanafifia, achana nayo. Inchi 14 ni kipimo kizuri kwa mtu anayebeba mkoba kila siku, na unapolinganisha uzito usisahau kuhesabu chaja. Prosesa haitakusumbua sana. Karibu yoyote ya miaka ya karibuni, isiyo ya daraja la chini kabisa, itaziweza kazi zako.

Sipingi kununua iliyokwisha kutumika. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi zina mwili imara, na fundi huzifungua bila taabu. Lakini kumbuka kuwa Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 inadai kijenzi cha usalama cha TPM 2.0 pamoja na prosesa iliyomo katika orodha yake. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa huanzia kizazi cha 8. Ukinunua ya nyuma ya hapo ukabaki na Windows, utarudi pale pale kilipofikia kishikwambi chako.

Kwa ya mtumba, pima pia betri. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, nayo itaandika ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilionao sasa ikijaa. Ukikuta kiwandani ilikuwa mWh 50,000 (mWh ni kipimo cha nishati ya betri) na sasa ni 30,000, basi imebaki na asilimia 60 tu, na gharama ya betri mpya iingie katika mazungumzo ya bei. Angalia vilevile kama tundu la USB-C linapokea chaji, maana si kila tundu la namna hiyo hupokea.

Jumamosi asubuhi nimeitenga kwa ajili yako. Kabla hatujatoka tutanakili picha na maandishi yako yote kwenye diski ya nje, tena nataka tuyafungue kutoka kwenye diski hiyo tuhakikishe yanasomeka. Kisha beba kishikwambi na ile ripoti ya kemia. Dukani, kwa kila mashine utakayoipenda, utafungua ripoti hiyo kando ya jedwali lake na kuandika aya ya hitimisho mwanzo hadi mwisho, nami nitakusubiri.

Ni mimi mama yako akupendaye.