Utabiri wa mvua utufikie na sisi wa viswaswadu

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Mimi nalima mahindi huku Kahe, tambarare ya Moshi, na masika ya huku ni Machi mpaka Mei, ukikosea wiki mbili za kupanda imekula kwako. Msimu uliopita ilinyesha siku tatu mfululizo nikajua ndo yenyewe, nikapanda, kumbe inatuzuga tu, jua likawaka mbegu zikafia ardhini na dukani mbegu haikopeshwi.

Utabiri wa msimu Mamlaka ya Hali ya Hewa wanautoa, sikatai, ila unasikia "mkoa wa Kilimanjaro" basi, wakati Marangu inaweza kumwagika na huku kwetu vumbi tupu. Tutumieni meseji ya kawaida kwa kata, maana wengi tuna viswaswadu, hayo mambo ya programu na bando tuwaachie vijana. Meseji moja ina herufi 160, "Kahe msipande bado, subirini wiki ijayo" inaenea na chenji inabaki. Mbona za bahati nasibu zinatufikia kila siku na hatujaziomba?

Mkulima, Kahe, Moshi